Baiskeli imenizidi kimo, na muuzaji ni mkwe wangu

Shikamoo bibi,

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 36. Naishi Duga hapa Tanga, na kibanda changu cha kushonea kiko Ngamiani. Kila siku natoa elfu moja ya bodaboda kwenda na elfu moja kurudi, siku sita kwa wiki. Mji wetu huu baiskeli anapanda kila mtu, wazee, wauza samaki, wanafunzi. Mimi sijui. Marehemu bibi yangu alikuwa hataki hata kusikia mtoto wa kike amekaa juu ya baiskeli, na alipofariki nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima, nikaona haya kujifunza.

Mwaka huu nimeamua. Nilikuwa kwenye mchezo wa kina mama, zamu yangu ya kupokea hela ilipofika nikaenda dukani. Tatizo ni kwamba duka lenyewe ni la baba mdogo wa mume wangu. Nia yangu ilikuwa kuangalia na kuuliza bei tu. Baba akafurahi, akaniagizia soda, akasema mkwe wake hawezi kuondoka mikono mitupu. Akanitolea moja nyekundu, mpya kabisa, ina gia 21 na shokapu mbili, mbele na katikati. Laki tatu na ishirini, na akasema wengine anawauzia laki tatu na nusu. Kisha akaniambia, "Panda ujaribu."

Bibi, nipande vipi? Nimevaa dera, mbele ya baba mkwe, ninyanyue mguu nivuke lile bomba la juu la fremu? Nikasema ni nzuri, hakuna haja. Nikatoa laki moja, akaniandika jina kwenye daftari, nikaondoka.

Jioni nilipoona baba kaenda msikitini nikarudi, nikamwomba kijana wa dukani anishikie niikalie. Miguu haifiki chini, hata vidole. Mimi ni mfupi, futi tano na kidogo. Fundi wa pancha aliye jirani na kibanda changu nilipomsimulia alicheka sana, akasema hiyo ni ya vijana wa kurukia matuta, nichukue ya Kijapani yenye kikapu. Hizo ziko nyuma ya duka lilelile, mtumba, laki moja na tisini. Jirani yangu naye anasema nisinunue kingine zaidi ya Foniksi, nitawarithisha wajukuu. Mume wangu yuko Dar, nikimpigia anasema, "Ba'mdogo hawezi kukuuzia kibovu, malizia hela uchukue."

Nikirudi kusema siitaki, si nitaonekana sina adabu ukweni? Na nikibadilisha, nitaijuaje nzima na mbovu wakati hata breki ya mbele na ya nyuma sizijui? Au umri umeshakwenda, niendelee na bodaboda zangu?

Asiyejua Breki, Tanga

*

Marahaba mwanangu.

Laki moja yako haijapotea na mkwe wako hajakosewa kitu, maana baiskeli bado iko dukani kwake. Usiongeze hata shilingi mpaka tumalize maneno haya.

Barua yako nimeisoma mara mbili na kila mara nimesimama palepale, kwenye dera na bomba. Watu watakwambia mnunuzi mgeni hudanganywa kwa sababu hajui vitu. Wewe hukudanganywa. Ulinyamaza kwa haya, na haya ile ni ya heshima, siwezi kukulaumu. Mimi mwenyewe nisingenyanyua mguu mbele ya baba mkwe wangu. Yeye kwa upande wake ameona mkwe kaitazama baiskeli, kasema nzuri, katoa hela. Ulitaka ajue vipi?

Kwa hiyo usirudi wewe. Ba'mkwe ana mke, na kwa mama mkwe huko ndiko maneno haya yanakopita. Nenda kwake nyumbani siku ambayo hukupanga kwenda dukani, msaidie kuchambua mchele, kisha mwambie: mama, ile baiskeli baba aliyonichagulia imenizidi kimo, miguu yangu haifiki, naogopa kuanguka, naomba anibadilishie nichukue ya kikapu. Usiseme mbovu, wala usimtaje fundi kuwa ameikataa. Lawama itupie miguu yako, haitanuna. Na sema *anibadilishie*, usiseme anirudishie. Mwenye duka kurudisha hela iliyokwisha ingia mfukoni ni kama kung'olewa jino, lakini kubadilisha mali kwa mali hachukii, hasa kama ile nyekundu bado mpya na atamuuzia mwingine kwa hiyo laki tatu na nusu. Ukichukua ya laki moja na tisini utabakiwa na deni la elfu tisini tu. Hapo hujarudisha zawadi ya mtu, umebaki mteja wake.

Na ukishakubaliwa, dai risiti. Najua ni mkwe. Wale wa TRA, watu wa kodi, wanaposema "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" hawakuwatoa wakwe. Omba na namba ya fremu iandikwe. Aghalabu imegongwa kwenye bomba la kiti au chini, pale penye mhimili wa pedali. Usipoiona, igeuze baiskeli miguu juu. Siku ikiibiwa, namba hiyo ndiyo itakayokutofautisha wewe na wenye baiskeli za rangi ileile.

Sasa baiskeli yenyewe.

Mtu anayejifunza anahitaji jambo moja kabla ya mengine yote: akae kitini na nyayo zake zote mbili ziguse chini. Nyayo nzima, mwanangu. Ukijua kwamba muda wowote unaweza kusimama, mwili unalegea, na mwili uliolegea ndio unaojifunza kukaa wima. Ukijua huwezi, mikono inakakamaa kwenye usukani na utaanguka hata kwenye barabara iliyonyooka. Ile nyekundu fremu yake ni ndefu na bomba lake liko juu. Hata ukishusha kiti mpaka mwisho haitakutosha. Hizo gia 21 ni tatu za mbele mara saba za nyuma, nazo zina kazi kwa mtu wa Lushoto. Kutoka Duga mpaka Ngamiani utapanda mlima gani? Shokapu za baiskeli ya bei hiyo huongeza uzito, na kila ukikanyaga pedali sehemu ya nguvu yako inaishia kuibonyeza springi badala ya kusukuma gurudumu. Zikianza kulegea zinalia kama kitanda cha gesti.

Foniksi ya jirani yako ni chuma cha kweli. Mimi nilijifunzia Swala ya baba, zile zilizotengenezwa hapahapa nchini, za umbo hilohilo, na nilikuwa mdogo kiasi kwamba napitisha mguu chini ya bomba ndipo nikafikia pedali ya pili, mwili wote umening'inia upande mmoja kama popo. Foniksi ziko na za kike zisizo na bomba la juu. Lakini ni nzito, zinapita kilo 20, na magurudumu ya inchi 28 yanakuweka juu. Kama ungekuwa unabeba madumu ya maji au magunia ya mkaa ningekwambia chukua bila kuuliza. Wewe unabeba vitambaa.

Naungana na fundi wako wa pancha. Ile ya Kijapani imetengenezwa kwa ajili ya mama anayekwenda sokoni: bomba limeinama chini unapitisha mguu bila kunyanyua dera, kiti kinashuka sana, cheni imefunikwa, kikapu kiko mbele, kufuli liko kwenye gurudumu la nyuma, na stendi yake pana haiyumbi. Vibandiko vyenye maandishi ya Kijapani visikutie shaka. Kule kwao baiskeli husajiliwa na kubandikwa alama kwa ajili ya wizi, ndiyo maana nyingi zinafika hapa bado zimevaa vitambulisho vyao.

Lakini mtumba ni mtumba, na hapa nataka utulie nami kidogo.

Kabla hujaichagua, tazama ubavuni mwa tairi. Baiskeli yako nyekundu na hii ya kikapu zote zinaweza kuandikwa inchi 26, nawe ukadhani tairi la ile litaingia hii. Haliingii. Ile ya gia imeandikwa 26 x 1.95 au kitu cha namna hiyo, na pembeni kuna namba ndogo inayoishia na 559. Ya Kijapani imeandikwa 26 x 1⅜, na namba ndogo inaishia na 590. Hiyo namba ndogo ni kipenyo cha rimu kwa milimita, yaani kutoka ukingo mmoja wa duara hadi wa pili, pale tairi linapokaa. Tofauti ni milimita 31, na hakuna fundi wala sabuni itakayolivalisha. Nyingine za Kijapani ni za inchi 27, namba yake 630. Foniksi ya 28 x 1½ ni 635. Andika namba ya ile unayoitaka kwenye karatasi, mpelekee yule fundi wako, muulize swali moja: tairi la namba hii unaliuza, au linapatikana mji huu, na ni shilingi ngapi? Akikuna kichwa, chagua yenye namba nyingine. Baiskeli nzuri isiyo na tairi mjini ni pambo la uani.

Siku ya kuchukua, mwombe fundi aende nawe. Ukimtambulisha kuwa amekuja kukagua, umeharibu yote niliyokufundisha juu. Sema amekuja kukusaidia kuifikisha nyumbani kwa kuwa wewe hujui kuiendesha, nalo si uongo. Mpe elfu tano yake pembeni. Akiwa pale atafanya mwenyewe anayoyajua, ila wewe pia tazama, usigeuke kuangalia rangi.

Mwambie azungushe kila gurudumu hewani. Litazame pale rimu inapopita katikati ya breki: ikiyumba kushoto na kulia kidogo, spoku zitakazwa, ikiyumba mpaka inagusa fremu, rimu imepinda. Shika tairi kwa juu ulitikise ubavuni. Likicheza, gololi za ndani zimelegea au zimekwisha. Shika mkono mmoja wa pedali nao utikise vivyo hivyo. Kisha pitisha kidole chini ya bomba, karibu na pale linapoungana na shingo ya usukani. Ukikuta rangi imejikunja au imepasuka kwa mstari, hiyo iligonga kitu huko Japani au ndani ya kontena. Iache, hata ikishuka mpaka elfu themanini.

Kutu ndiyo adui wa Tanga. Hewa ya bahari inakula chuma usiku na mchana. Kutu ya kwenye kikapu haina neno, ya kwenye mizizi ya spoku ina neno. Chukua sumaku ndogo, toa kwenye spika mbovu yoyote, iguse kwenye rimu. Ikinasa, rimu ni chuma. Isiponasa, ni aluminiamu. Ukipewa nafasi ya kuchagua chukua ya aluminiamu. Haishiki kutu, na siku za masika rimu ya chuma ikilowa breki za mpira zinateleza juu yake, unabana na baiskeli inaendelea kwenda.

Kuhusu breki usizozijua: bana mkono mmoja, sukuma baiskeli mbele. Gurudumu linalokataa kuzunguka ndilo la mkono huo. Bana mwingine, sukuma tena. Jina lako la barua limeshakwisha kazi. Hizi za Kijapani breki ya nyuma mara nyingi iko ndani ya kikombe cha chuma pembeni mwa gurudumu, na wakati mwingine inapiga kelele kama mbuzi. Kelele pekee si ugonjwa, mradi inashika. Wakati wa kujifunza bana zote mbili pamoja, taratibu. Anayebana ya mbele peke yake kwa nguvu ndiye anayeruka juu ya usukani.

Kama mama mkwe atarudi na jibu kwamba ni ile mpya au basi, kuna baiskeli mpya za kike za kimo chako, mwombe aagize. Ila ujue mpya nayo haitoki dukani ikiwa tayari. Inakuja kwenye katoni, nusu imefungwa, kijana wa duka anamalizia huku anahudumia wateja. Nimeona kwa macho yangu uma wa mbele umefungwa kinyume, breki inatazama nyuma, na mtu ameinunua. Kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu, grisi huwa ni ya kulamba. Mpya au mtumba, ipitishe kwanza kwa fundi wako aifungue, aipake grisi, akaze kila nati, na baada ya wiki mbili tatu za kutembea urudi akaze tena, maana nyaya za breki hulegea na spoku hutulia. Tenga kama elfu arobaini kwa hayo, na kufuli la pili. Funguo za lile la Kijapani zikipotea huenda ikabidi likatwe.

Hesabu yako ya bodaboda ni elfu kumi na mbili kwa wiki. Baiskeli ya laki moja na tisini inajirudisha kabla ya wiki ya kumi na saba.

Nikujibu la umri. Miaka 36! Mimi nina viatu vya umri huo. Kinachomchelewesha mtu mzima ni kuogopa kuchekwa kuliko kuanguka, kwa hiyo ondoa wacheka. Nenda uwanja wa shule baada ya swala ya alfajiri, siku ya Jumapili, ndani ya dera vaa taiti na pindo lifunge kwa kitambaa kiunoni. Wewe fundi cherehani unajua nguo ikinaswa na kitu kinachozunguka inakuwaje. Mwombe fundi atoe pedali zote mbili. Mkumbushe ya kushoto inafunguka kinyume. Mafundi wanaojua wataudhika ukiwakumbusha, wasiojua wataharibu uzi wa mkono, bora waudhike. Shusha kiti. Kaa, sukuma chini kwa miguu kama mtoto anayekimbia amekaa. Usitazame gurudumu, tazama mbali. Hatua zitaanza kuwa ndefu zenyewe, utajikuta umeinua miguu unateleza, tatu, tano, mita kumi. Ukiweza kuteleza hivyo na kukata kona, pedali zirudi. Usikubali mtu akimbie nyuma ameshika kiti. Utajifunza kumwegemea yeye.

Kiti ukipandishe kidogo kidogo kadiri unavyozoea. Mwisho wake ni pale unapoweka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa na goti likanyooka.

Na siku ya kwanza ya kwenda kazini usipite kwenye lami pamoja na malori. Ingia mitaa ya ndani, ushike kushoto. Ngamiani barabara zimepangwa kwa namba na zinakatana kila baada ya nyumba chache, na kwenye kila makutano kuna bajaji isiyojua wewe ni mwanafunzi. Weka vidole juu ya breki kabla hujafika kona. Kofia ngumu ukipata, vaa, juu ya mtandio inakaa vizuri tu.

Halafu gonga kengele kabla hujatoka dukani. Kama hailii mwambie ba'mkwe mwenyewe akupe nyingine. Hilo halihitaji mama mkwe.